Sweta la Mchochea Moto

Mama yangu hakukaa eda. Nalisema mwenyewe mapema, maana Mikindani nzima wamelisema kabla yangu, na wengi wamelisema vibaya. Baba alipotoweka mwaka arobaini na mbili, mimi nikiwa tumboni, wazee walimwendea mama wakamtaka akae eda mpaka ajifungue, kisha avue, aolewe, maisha yaendelee. Akawajibu, "Sikai eda ya mtu aliyekwenda kazini." Basi akakaa hivyo hivyo, si mke si mjane, miaka hamsini na minne, mpaka alipokwenda yeye.

Naitwa Farida binti Abdulmalik. Nina miaka themanini na miwili, naishi Chuno kwa mwanangu Fauzia, goti la kulia halinifai kitu na meno yangu mengi yameshanitangulia. Nilichobaki nacho ni jambo moja. Nataka kumsomea baba khitma kabla sijafa, na sijui nimsomee kwa moyo gani. Kama alikufa maji, nimlilie. Kama alikimbia, akaoa ng'ambo ya Ruvuma, akazaa watoto wengine wakamwita baba, basi kwanza nimsamehe, na kusamehe mimi sikuzoea. Sheikh wa mtaa wetu aliniambia, "Bi Farida, mzee angekuwa na miaka zaidi ya mia leo. Soma tu, Mungu anajua." Nikamwambia Mungu anajua, sheikh wangu, asiyejua ni mimi.

Na kuna kofia. Wanaoshona kofia za mkono wanaelewa: unatoboa vitundu, unashona duara la juu peke yake na ukanda wa pembeni peke yake, na huviunganishi mpaka umezungusha uzi kichwani kwa mwenyewe ukapata kipimo. Mama, jina lake Rehana, alianza kuishona baba alipopata kazi melini. Akamaliza duara, akamaliza ukanda. Kichwa hakikurudi kupimwa. Vipande viwili vikakaa sandukuni pamoja na karafuu, na wasia wake kwangu ulikuwa maneno mawili tu: "Akirudi, mpime." Asiporudi nifanye nini, hakusema.

Sasa meli yenyewe. Watu wa huku waliiita Bi Moshi. Jina lake la Kizungu limo kwenye karatasi alizochapa Fauzia, lakini ulimi wangu haulitaki. Fauzia anafanya kazi kwa wakala mmoja wa forodha pale bandarini, siku nzima yuko mbele ya kompyuta na makontena ya korosho. Masika ya mwaka juzi mto ulihama mdomo wake, mchanga ukaondoka, na ukingoni mwa bahari kule Ruvuma kukatokea boila kubwa la chuma la meli ya moshi, limekaa kama mtungi uliopinduka. Watu wakapiga picha, picha zikazunguka kwenye simu. Fauzia akaniletea. "Mama, hii siyo ile meli ya babu?" Nikaitazama picha ile mpaka simu ikazimika.

Basi akatafuta, akapata. Bi Moshi ilijengwa Uingereza kwenye bandari moja ya baridi, kabla hata ya vita vya kwanza vya Mjerumani. Haikujengwa kwa vita. Ilijengwa kuvua samaki, wavu wake inaukokota nyuma chini kabisa ya bahari, inakula makaa ya mawe usiku na mchana. Vita vya kwanza vilipokuja ikafungwa mzinga mbele, pale walipokuwa wakimwaga samaki, ikatumwa kulinda pwani. Vita vikaisha, mzinga ukatolewa, ikarudi kuvua. Ikazeeka. Kampuni moja ikainunua ije kuvua bahari yetu, kampuni ikafa, meli ikabaki imefungwa kamba kama mbuzi asiye na mwenyewe. Vita vya pili vilipoingia wakakumbuka kuwa inaelea. Wakaipaka rangi ya majivu, wakarudisha mzinga, wakaipa kazi ya doria kutoka Lindi hadi mdomo wa Ruvuma, kuvizia nyambizi na kuchungulia pwani ya Mreno. Mama alisema pamoja na rangi na mzinga na bendera, ilipoingia Mikindani ulikuwa bado unasikia harufu ya samaki.

Wazungu walikuwa juu, kwenye usukani na mzinga. Chini, kwenye moto, walikuwa wawili: baba yangu, na kijana wa Kimakonde wa Kitaya aliyeitwa Eduardo, ambaye wazee wake walivuka mto kutoka Msumbiji. Wachochea moto. Mmoja anashuka anapakia makaa kwa muda wa saa nne, mwenzake yuko juu anapumzika, kisha wanapokezana. Na hapa kuna kitu ambacho mama alikuwa akinisimulia huku akicheka, na alikuwa hacheki ovyo. Ndani ya makabati ya meli yalibaki masweta ya wale wavuvi wa nchi ya baridi. Sweta la sufu, zito, Mikindani! Lakini mtu akitoka kwenye tanuri lile amelowa jasho, akapanda juu akapigwa na upepo, kichomi hakimwachi. Kwa hiyo baba akachukua sweta moja, Eduardo akachukua moja. Na walikuwa na desturi yao wenyewe. Anayeshuka kwenye moto anamvisha anayepanda sweta lake yeye anayeshuka, lililokwisha kauka, na lile alilovua, limelowa, analianika karibu na boila. Maana yake saa yoyote utakayowakuta, aliyeko juu amevaa sweta la aliyeko chini. Mama alimuuliza baba, kwa nini kila mtu asivae lake? Baba akamwambia, "Ukiwa umevaa la mwenzio, humsahau kuwa yuko chini."

Mama aliyakumbuka maneno hayo mpaka mwisho. Mimi niliyachukia. Nilikuwa nasema moyoni, mtu mwenye maneno matamu namna hii ameshindwa kututumia hata salamu.

Kwa sababu ilivyosemwa ni kwamba alitoroka. Bi Moshi ilipanda fungu la mchanga mdomoni mwa Ruvuma, taa zimezimwa kwa ajili ya vita, boila likapasuka. Wazungu walishuka kwa mashua yao wakafika salama. Ikaandikwa kwamba wachochea moto wawili walikuwa wameshatoroka siku moja kabla. Mtoto wa mtoro, ndivyo nilivyoitwa nilipokuwa nacheza rede. Lisemwalo lipo, walisema. Na kwenye karatasi za Fauzia, miaka themanini na kitu baadaye, limo vile vile, na majina yao: Abdulmalik Thabiti wa Mikindani, Eduardo wa Kitaya, watoro.

Nilizitupa zile karatasi chini. Fauzia akaziokota, akazipanga, ana subira ambayo sijui kaitoa wapi. Akasema, "Mama, Kitaya siyo mbali. Kama walitoroka pamoja, kwao Eduardo watakuwa wanajua walikoelekea."

Simu mbili tatu, akapatikana Raimundo, mkulima wa ufuta na mpunga, mjukuu wa mdogo wake Eduardo. Akasema bibi yake huyo, Lucinda, yuko hai, ana akili zake timamu, na tukienda tukute amekula, maana akiwa na njaa hazungumzi na mtu. Nikampenda kabla sijamwona.

Tulikwenda Jumamosi kwa gari la kukodi. Kizuizini askari kijana aliinama dirishani akauliza bibi anakwenda kufanya nini mpakani. Nikamwambia namfuata baba yangu. Alitazama uso wangu, akatazama kitambulisho changu, akatuachia. Nilikuwa nimepakata kibegi chenye ile kofia, sindano na uzi. Usiniulize kwa nini nilichukua sindano. Labda nilidhani nitaonyeshwa mahali, watoto wake wa huko watoke, niwape vipande vyao, nirudi zangu.

Lucinda alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, mwembamba, ana chale za zamani usoni. Yeye ana miaka tisini na mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo, dada." Ni miaka mingi sijapata mtu wa kumpa shikamoo, na nilisikia raha kidogo. Akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu," kwa Kiswahili kilichopitia Kimakonde kwanza. Kisha Fauzia naye akamwamkia, akatabasamu, na yule bibi akamkodolea macho. Akawa haondoi macho kwa Fauzia. Nikaona labda wageni ni wachache.

Nikamweleza mimi ni nani. Sikuzunguka. Nikamwambia, "Kaka yako na baba yangu walitoroka kwenye meli pamoja. Nataka kujua walikwenda wapi."

Raimundo akadakia yeye, kwa heshima lakini kama mtu aliyeguswa. "Hapana, bibi. Babu Eduardo hakutoroka. Amezikwa hapa hapa. Tunamfagilia kila mwaka."

Nisemeje? Nilikuwa nimezoea watoro wawili. Wakiwa wawili, aibu wanagawana. Sasa nimesafiri na goti langu kuja kuambiwa kwamba mmoja alikufa kazini na mtoro ni wangu peke yake. Nikaomba nionyeshwe kaburi, nipate tu kitu cha kufanya nisilie mbele ya watu.

Makaburi yao yako nyuma ya shamba la mihogo. Raimundo alimshika bibi yake mkono, Fauzia akanishika mimi, tukaenda polepole. Misalaba ilikuwa kumi na kitu, ya mti na ya saruji, yote imesimama upande wa machweo. Mmoja tu ulisimama upande wa macheo, peke yake, umewageuzia wenzake mgongo. Nikauliza huyu mbona kalazwa kinyume. Raimundo akacheka. "Huyo ndiye babu. Wanasema waliochimba walikuwa wamekunywa."

Sikucheka. Sisi Waislamu wa huku ndio tunaolaza maiti kichwa macheo, kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Lakini nilidhani ni hasira yangu inanifanya nione mambo.

Lucinda akawa ameketi juu ya gogo. Nikamuuliza kaka yake alifikaje Kitaya kutoka mdomoni, ni mwendo. Akasema wavuvi walimwokota ufukweni siku ya tatu. Samaki walikuwa wameshamharibu uso. Wakamleta kwa mtumbwi, siku mbili wakipiga kasia dhidi ya mkondo. "Walimjua kwa sweta," akasema. "Mama yetu alishona kitambaa chekundu kwapani ili lisiibiwe. Wavuvi wote walilijua sweta la Eduardo." Akafungua fundo la khanga yake akanionyesha kipande cha kitambaa, kimepauka kuwa rangi ya kutu, kina nyuzi chache za sufu zimeng'ang'ania. Sweta lenyewe lililiwa na wadudu zamani.

Nikakishika. Nikakigeuza. Na yale maneno niliyoyachukia maisha yangu yote yakanijia kwa sauti ya mama, na kicheko chake.

"Dada Lucinda," nikamwambia, "wale walikuwa wanavishana. Aliyeko juu anavaa la aliyeko chini. Kama huyu alikuwa na sweta la Eduardo, huyu siyo Eduardo."

Raimundo akaanza kusema kitu. Bibi yake akamnyamazisha kwa mkono. Akamtazama Fauzia.

"Cheka, mwanangu," akamwambia.

Fauzia hakuwa na cha kumchekesha, lakini alijaribu. Ana mwanya wa mbele, mpana, kama niliokuwa nao mimi kabla ya meno kuniaga. Mama alikuwa akisema ndio mwanya wa baba.

"Eduardo alichongwa meno," Lucinda akasema. "Alichongwa yote ya mbele, kama wanaume wetu wa zamani hizo. Maiti ilipoletwa nilikuwa na miaka minane. Mimi ndiye niliyeshika kata, namwagia maji, mama anaosha. Uso haukuwepo lakini meno yalikuwepo. Yalikuwa mazima, yana mwanya. Mama akaacha kuosha. Nikamwambia, mama, huyu siyo. Akaniziba mdomo kwa mkono wake wenye maji ya maiti."

Akaendelea.

"Alijua ni nani. Eduardo alikuwa akija likizo hadithi zake zote ni Maliki, Maliki wa Mikindani mwenye mwanya. Na alijua kama Maliki alikuwa juu, mwanawe alikuwa chini. Kwenye moto. Hakutaka kulijua. Alitaka kaburi. Akaenda kwa Myao mmoja muuza chumvi akamuuliza Waislamu wanalazwaje, akawaambia wachimbaji waweke kichwa huku. Wakamwona kachanganyikiwa kwa msiba. Akanifunga kiapo, nisiseme mpaka mwenyewe aje." Akanitazama. "Sasa umekuja. Mama yangu alimwiba baba yako."

Nitasema kweli. Nilitaka kumpiga. Bibi wa miaka tisini na mmoja, na mimi goti moja. Nilimwona mama yangu barazani kule Mikindani, kila akisikia hatua za mwanamume anainua kichwa. Hamsini na minne. Ningeweza kuitwa mtoto wa marehemu, mama angekaa eda yake, angevua, angecheka zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mwendo wa siku mbili tatu tu kutoka Kitaya hadi Mikindani, na mtu mmoja hakutaka kutembea. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa namtukana mwanamke aliyekufa zamani, kwa sauti, na Fauzia ananishika bega ananiambia basi, Mama, basi.

Na katikati ya matusi hayo hayo nikasikia kitu kingine kinapanda. Hakutoroka. Baba yangu hakutoroka. Alikuwa juu amevaa la mwenzake, meli ikapanda fungu, akaenda na maji akiwa amelivaa. Wazungu waliopanda mashua waliandika watoro ili wasiulizwe kwa nini hawakuwangoja. Nilikaa chini kwenye udongo, goti lisilokunjika likakunjika.

Lucinda akauliza, kwa woga kama mtoto, "Mtamchukua?"

Nilijua anachouliza. Mimi ndiye mwenyewe. Ningesema neno, Raimundo angetafuta majembe, maana alikuwa amesimama pale kijasho kinamtoka kama aliyeiba yeye. Baba angelala Mikindani karibu na mama. Nilikitaka kitu hicho sana. Lakini nikamwangalia yule bibi. Nikimchukua wangu, yeye anafagia nini?

"Fauzia," nikasema, "mwonyeshe bibi yako ile picha."

Fauzia akafungua simu, akampa. Lile boila, limezungukwa na maji ya chini, kijani kimeota ubavuni. Nikamwambia Lucinda kwamba Eduardo wake yumo humo, mdomoni mwa mto, na mimi ninakaa karibu nako kuliko yeye. Wanunuzi wa vyuma chakavu wameanza kulizungukia, lakini Fauzia ana ulimi na anajua ofisi, atawaambia hilo ni kaburi. Umenitunzia wangu, nitakutunzia wako. Lucinda akaweka kidole kwenye kioo. Picha ikakua kwa kuguswa, akashtuka akatoa kidole, kisha akakirudisha taratibu.

"Na mwaka huu," nikamwambia Raimundo, "mkifagia, mje mnichukue."

Kisha nikafungua kibegi. Duara na ukanda, vyote vimeingia umanjano wa karafuu. Lucinda akauliza ni nini. Nikamweleza: kofia ya huyu, haikuunganishwa, ilikuwa inangoja kupimwa kichwa, na kichwa sasa kiko chini ya msalaba. Wasia wa mama nimeshindwa kuutimiza hata baada ya kumpata.

Lucinda akanitazama juu mpaka chini. "Ulipozaliwa," akauliza, "walisema umefanana na nani?"

Mkunga alimwambia mama, na mama akaniambia mimi mara mia nikiwa mkaidi: siku mbili ulinitesa, kichwa cha Abdulmalik hiki, kwa ukubwa na kwa ubishi. Miaka yote ile kipimo kilikuwa kinazunguka nyumbani, kinafagia, kinapika, kinanuna, na hakuna aliyekiona, si mama wala mimi.

Nikavua ushungi. Mvi zangu sizionyeshi watu, lakini pale alikuwapo Raimundo tu, na alikuwa na heshima ya kutazama mihogo. Fauzia akazungusha uzi, Lucinda akashika ncha, nikakata. Nikakaa kichwani pa baba yangu, upande wa macheo, nikaunganisha ukanda na duara, tundu kwa tundu. Macho yangu ni mabovu, Fauzia alinitungia uzi mara tatu. Nilipofunga fundo la mwisho nikaivaa kujaribu.

Ilinikaa. Nikaivua, nikaiweka juu ya udongo, nikajifunika ushungi, nikaanza kumsomea.